Mkifika Jioni, Mji Uacheni Hadi Asubuhi

Safu hii hujibu maswali ya wasafiri. Mwandishi wake ni mzaliwa wa Malindi, Unguja, na alikaa miaka 14 mezani mapokezi katika nyumba ya wageni ndani ya Mji Mkongwe.

SWALI

Shikamoo Bi wa Mapokezi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza. Mwezi wa sita shule zikifungwa nakuja Unguja kwa mara ya kwanza pamoja na mke wangu, mtoto wetu wa miaka minane, na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Tutapanda basi hadi Dodoma, tulale hapo, asubuhi tuchukue treni ya umeme hadi Dar es Salaam, halafu boti ya alasiri. Tutashuka bandarini kama saa 12 jioni. Kwa kuwa tuna siku tatu tu, nimepanga jioni hiyohiyo tuione Ngome Kongwe, tule Forodhani, tunywe kahawa Jaws Corner, kisha tumalizie kwenye hoteli moja yenye taarab ghorofani. Mke wangu anasema tutakuwa hoi. Mimi naona tukilala mapema tumepoteza jioni nzima. Nani yuko sahihi?

Mwalimu, Nyakato, Mwanza

JAWABU

Marahaba, Mwalimu. Mkeo yuko sahihi. Nakuomba umsikilize sasa hivi mkiwa bado Mwanza, maana mkishashuka bandarini utakuwa umechoka kiasi kwamba hata kubadili mpango kutakuwa kazi.

Hebu tuhesabu. Mwanza hadi Dodoma ni karibu kilomita 700 za kukaa kwenye kiti cha basi. Kesho yake mnaamka alfajiri kuwahi treni, kilomita nyingine zaidi ya 400. Kutoka stesheni hadi bandarini Dar si mbali, lakini mna mabegi, mtoto na mtu mzima. Kisha bahari, takriban saa mbili, na mwezi wa sita ni msimu wa kusi: upepo unatoka kusini na mawimbi yanakuwa makubwa. Mama yako amezoea Ziwa Victoria, lakini mwendo wa bahari ni mwingine. Ndani ya boti mkalishe sitaha ya chini, nyuma kidogo ya katikati, ambako hapayumbi sana, na mwambie atazame mbali. Asisafiri na tumbo tupu, na asile vyakula vya mafuta kabla ya kupanda.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja, nami naliona kubwa kuliko yote uliyoyapanga. Mtakapoanza kuiona Unguja, tokeni nje mkasimame na mama. Mtaanza kuipita Chumbe na mnara wake wa taa, halafu mji wenyewe utajifungua: minara miwili ya kanisa katoliki, Beit al-Ajaib, jumba la maajabu la sultani Seyyid Barghash, iliyojengwa 1883, makasri meupe yaliyojipanga ufukweni. Mji huu ulijengwa na watu waliokuwa wakija kwa jahazi, na sura yake wameielekeza baharini. Ukishaingia vichochoroni huioni tena sura hiyo. Kanisa lile la minara miwili unaweza kupita chini yake usijue lipo. Kwa hiyo jioni yenu itaanza nusu saa kabla ya kushuka. Wengi huikosa kwa sababu muda huo wanakuwa wameinama kutafuta mabegi. (Beit al-Ajaib usitegemee kuingia. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, na watu walikufa humo. Sisi tuliokulia hapa kila tukipita bado tunainua macho kuiangalia.)

Kingine ni jua. Wewe wa Mwanza umezoea saa 12 na robo kuwa bado mchana. Huku tuko mashariki zaidi, na mwezi wa sita jua letu linatangulia kuzama la kwenu kwa karibu nusu saa. Saa 12 na robo ni magharibi, adhana inasomwa. Boti ikichelewa kidogo mtashuka gizani. Ngome Kongwe jioni hiyo mtaiona ukuta tu, basi ifuteni kabisa.

Sasa nikueleze ningekupangia nini kama ungesimama mbele ya meza yangu.

Kabla ya safari piga simu kwenye nyumba mtakayofikia. Waambie mna mtu mzima mwenye magoti, mnataka chumba cha chini au ghorofa ya kwanza. Hili usiliache. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi za mbao zilizosimama wima kama za kupandia dari, na vyumba vya juu ndivyo vyenye upepo na mandhari, kwa hiyo ndivyo wanavyompa mgeni wakidhani wanamfurahisha. Nimeona bibi wa watu amekaa kwenye ngazi ya sita, mkono kwenye ukuta, hawezi kupanda wala kushuka, na mwanawe yuko juu anasifia bahari. Waulize pia msikiti wa karibu uko wapi. Siyo kwamba adhana ina ubaya, mimi nimelelewa nayo, lakini mtoto asiyeizoea akiamshwa nayo alfajiri dirishani atalia, na ni bora ajue tangu usiku kwamba ataisikia.

Kisha waombe wamtume kijana awapokee getini bandarini. Magari hayaingii kwenye vichochoro vyetu, kwa hiyo sisi tulikuwa tunatuma kijana na gari la mkono la mizigo. Mkimpata mtu aliyetumwa, mtapita kwa amani katikati ya papasi. Papasi ndio vijana wanaowavaa wageni bandarini na barabarani kuwaelekeza hoteli na safari za viungo. Wengi ni watoto wa watu wanaotafuta riziki, usiwatukane. Sema tu, "Ahsante, tuna mwenyeji wetu," na mwendo usiukate.

Mkifika, ogeni. Mama apewe maji ya moto na anyooshe miguu kitandani robo saa nzima bila mtu kumsemesha. Wewe katika robo saa hiyo toka na mtoto mlangoni, mtazame nyumba ina mlango wa namna gani, una misumari ya shaba au hauna, jirani yake ni duka la nini. Hicho ndicho kitakachowarudisha nyumbani baadaye, kwa sababu vichochoro vyote usiku vinafanana.

Hapa nitakwambia kwa nini nasisitiza. Mwaka mmoja nilikuja kwenu Mwanza. Nilifika saa 10 alasiri, nikatupa begi gesti, nikaondoka hapohapo. Nikaenda kulitazama Jiwe la Bismarck, nikapanda Capri Point, nikataka na soko la samaki Kirumba, yote siku ileile, kwa hesabu kama yako. Giza lilipoingia nilikuwa sijui niko wapi. Jina la gesti nililiandika kwenye simu, na simu ilikuwa imezimika. Kila nikitazama juu naona mawe na nyumba zenye taa zimekaa juu ya mawe, mlima huu na ule sawasawa. Niliogopa, Mwalimu. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga sato kando ya barabara aliniona nimepita mbele yake mara tatu. Akanivutia kigoda. Akaniwekea ugali na kipande cha samaki, mafuta bado yanachemka pembeni ya ngozi, ndipo akaichukua simu yangu akaipeleka kwa kijana wa duka aichaji. Nilikaa pale saa nzima nikimtazama anavyogeuza samaki kwa vidole viwili bila kuungua. Katika safari ile yote, saa hiyo ndiyo ninayoikumbuka vizuri. Capri Point nimeisahau.

Tangu hapo, kila mgeni wangu aliyetoka usiku nilimpa kikaratasi chenye jina la nyumba, mtaa na namba ya simu, na watoto niliwatilia mfukoni kwa mkono wangu mwenyewe. Na wewe fanya hivyo kwa wote wanne.

Baada ya hapo, jambo moja tu: Forodhani. Nakubaliana nawe hapo, ila twende kwa njia yangu. Tafuteni nyumba ya upande wa Malindi au Kiponda, karibu na barabara ya Mizingani. Kutoka hapo mnaifuata pwani na bahari iko mkono wa kulia, hakuna kichochoro cha kuwapoteza. Mtapita Mtini, ule mti mkubwa uliopandwa 1911, mtapita kasri, mtapita Beit al-Ajaib, mtakuwa mmefika. Kurudi, bahari iwe kushoto. Kwa mwendo wa mama ni kama dakika 20, na kuna pa kupumzika njiani. Mavazi yawe ya kufunika mabega na magoti, huku ndiko kuheshimiana. Na mtu mkipishana naye mwambieni "masalkheri". Utaona uso wake unavyobadilika.

Bado pana mwanga? Simamisheni mtoto ukutani aone vijana wanavyojirusha baharini. Huo mchezo tunauita makachu. Wanakuja mbio kutoka mbali, wanapinduka hewani, na watu wanapiga makofi. Mshike kiuno kijana wako, maana na yeye atataka.

Chakula: kwenye meza za samaki na pweza ulizeni bei ya kila kijiti kabla hakijaingia kwenye sahani, mkubaliane, ndipo kichomwe. Lakini kwa usiku wa kwanza nawashauri urojo. Mama yako hana meno ya kupigana na pweza baada ya safari ile, na tumbo lililoyumbishwa na kusi linataka kitu cha moto chenye uchachu. Msimame muuzaji akiutengeneza. Anaanza na mbatata zilizochemshwa, anazikata kiganjani. Juu anaweka bhajia za dengu na kachori anayoivunja kwa kidole gumba, akipenda na yai. Anamwagia rojo la manjano lenye embe mbichi au ndimu, zito kama uji mwepesi, kisha chatne ya nazi, pilipili kwa kijiko kidogo, na mwisho anavurugia juu chipsi za muhogo zinazolia zikigusa mchuzi. Mwambie pilipili ya mama na mtoto iwekwe pembeni. Ule wa kwanza uliwe hapohapo, kabla muhogo haujalainika.

Baada ya hapo juisi ya miwa. Muwa unakunjwa na ndimu na kipande cha tangawizi, unapitishwa mashineni mara tatu nne. Kaeni kwenye kiti cha simenti, mtazame taa za majahazi. Msiseme kesho tutakwenda wapi. Saa mbili na nusu mrudi, saa tatu mlale.

Jaws Corner itakuwapo. Kahawa yake ni tamu zaidi jioni ya pili, ukishapumzika, ukakaa barazani na kashata yako ukawasikiliza wazee wakigombana juu ya dhumna. Ukiifikia ukiwa hoi utakunywa kikombe kimoja, uondoke, na hutakuwa umesikia neno. Taarab vilevile: nyimbo zake ni mafumbo, na mtu anayesinzia fumbo halimfikii. Iwekeni usiku wa tatu.

Unasema mtapoteza jioni. Mimi miaka 14 nimewafungulia wageni mlango asubuhi. Walioingia na kuzunguka mpaka saa sita walikuwa wanashuka saa nne, chai imepoa, mmoja kichwa kinamuuma, mwingine amenuna. Waliolala mapema niliwakuta mlangoni saa 12 alfajiri, wanakwenda Darajani kutazama samaki wanavyoshushwa. Kati ya hao nani aliyepata siku tatu kamili, wewe mwalimu unaweza kunijibu.

SWALI

Habari auntie? Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Eldoret. Nimepata nafasi ya kazi ya miezi mitatu Mombasa na sijawahi kufika Pwani. Nitashuka na SGR ya alasiri kutoka Nairobi, niko pekee yangu. Marafiki wananiambia nikifika tu niende Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, huko ndiko kuna raha. Nikisema nitakaa room wananicheka. Nifanye nini hiyo jioni ya kwanza?

Chebet wa Pili, Eldoret

JAWABU

Nzuri, binti yangu. Kwanza hongera kwa kazi. Hao wanaokucheka si wao watakaoshuka Miritini usiku na sanduku.

Treni ile inakufikisha giza limeshaingia, na stesheni ya Miritini iko bara, nje ya kisiwa. Bado una safari ya gari kupitia Makupa kabla hujauona mji. Usafiri wako upange mchana ukiwa Nairobi. Kama wenye nyumba wana dereva wao wanayemjua, mchukue huyo, hata akizidisha kidogo. Ukiita gari kwa programu ya simu, hakikisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango, na safari itume kwa mtu wa nyumbani. Mtu akikuuliza kama uko peke yako, unatarajiwa na shangazi yako. Mimi hapa ndiye shangazi, hutakuwa umesema uongo.

Halafu kuna joto. Unatoka kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 unashukia usawa wa bahari. Ukifungua mlango wa treni utahisi hewa imekuwa nzito kama kitambaa kilicholowa, na hilo peke yake linachosha. Beba shati jepesi juu kabisa ya begi, na maji ya kunywa yasikuishie njiani. Ukifika oga kwanza, kwa maji baridi, ndipo uulize chakula.

Kuhusu chakula, muulize askari wa getini au dada wa mapokezi, "Wewe mwenyewe usiku unakula wapi?" Usiulize hoteli nzuri iko wapi, watakupeleka mbali. Karibu kila mtaa wa Mombasa usiku una mtu wa viazi karai na mishkaki. Nunua, urudi navyo chumbani na ukwaju wake kwenye kimfuko, ule umevaa leso, miguu juu. Kama usingizi hauji, toa nguo zako za kazi zitundike ziondoke mikunjo. Mgeni aliyekwisha kutundika nguo zake hulala vizuri kuliko aliyeziacha begini; hili nimeliona kwa macho yangu mara nyingi.

Mama Ngina nenda kesho yake saa 10 alasiri, jua likipunguza ukali. Utakuta familia zimekaa, madafu, mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, na meli kubwa zinapita karibu sana zikielekea Kilindini. Hapo utakaa mpaka uchoke mwenyewe.

SWALI

Asalaam, Bi. Nasafiri kutoka Songea kwenda Dar na watoto wawili, nafikia kwa wifi yangu Tabata. Nasikia jioni hiyohiyo ya kufika amepanga tuzungukie nyumba tatu za jamaa wa mume wangu. Watoto watakuwa wamekaa kwenye basi kutwa nzima. Nikikataa nitaonekana nina maringo. Nisemeje?

Mama Wawili, Songea

JAWABU

Usikatae ukishafika. Mpigie leo, wewe mwenyewe, usimtume mumeo, maana likipitia kwa kaka yake litakuwa jambo la ukoo. Mwambie, "Wifi, nina hamu na jamaa wote, ila watoto wakifika wamechoka watanitia aibu. Naomba jioni ya kwanza iwe yako peke yako, kesho yake nipeleke popote." Wifi aliyepewa jioni nzima kuwa yake hawezi kukwambia una maringo, na kwa wale jamaa ataeleza yeye mwenyewe kwa maneno mazuri kuliko yako.

Usiende mikono mitupu. Mchukulie dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokauka vizuri, kwenye mfuko uliofungwa mara mbili ili basi zima lisijue. Ukifika omba maji ya watoto kwanza, uwaogeshe, wale walale. Kisha jifunge kanga, vuta mkeka jikoni, mkae naye mwachambue hao dagaa.